Panga la ndege ya rimoti lilimkata mpwa wangu, na mama yake anadhani ni bati

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, fundi wa simu na redio hapa Tanga, na kibanda changu kiko Ngamiani. Nina jambo ambalo sijamweleza mtu mzima yeyote, hata mke wangu, na kwa siku nane sasa ninalala nalo na kuamka nalo.

Nina dada mmoja tu, aliyenizidi miaka saba. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, na ada yangu ya chuo cha ufundi aliilipa kwa vitumbua alivyokuwa akivipika kabla ya adhana ya alfajiri. Shemeji yangu anafanya kazi Oman na huja nyumbani mara moja kwa miaka miwili, kwa hiyo mtoto wao wa kiume, ambaye sasa ana miaka 15 na yuko kidato cha pili, amekuwa kama mwanangu. Kuna wakati alianza kutoroka shule na kushinda vijiweni, dada akamleta kwangu akaniambia, "Huyu ni mpwa wako, mshike." Nilimshika kwa kitu nilichokipenda mwenyewe tangu utotoni, nacho ni ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti.

Mabawa tunayachonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya makasha ya televisheni na kuyatia nguvu kwa vijiti vya mwanzi. Vitu tusivyoweza kuvitengeneza, yaani mota, risiva na betri, tunaviagiza kwa mtandao. Ndege tuliyo nayo sasa ina uzito wa kilo 1 na nusu. Tangu tuanze, kijana anapiga hesabu za uzito na upepo bila kusukumwa na mtu, na mwalimu wake wa fizikia amewahi kumwita dada kumpongeza. Kila Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tunairusha ufukweni upande wa Sahare, na watoto wa mtaani wapatao kumi hutufuata.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshaiwasha rimoti, ikining'inia kifuani mwangu kwa mkanda wake. Kijana alipiga magoti mbele ya ndege akachomeka betri. Simu yangu ikaita, nikainama kuitoa mfukoni, na mkono wa shati langu ukakisukuma kijiti cha mwendo, labda nusu tu ya njia yake. Panga la mbele likazunguka papo hapo. Alinyoosha mkono wa kulia kama mtu anayezuia mlango usifungwe, nami nikasikia mlio kama wa fimbo inayoburutwa kwenye uzio wa mabati. Nilidhani mota ingezima ilipogonga mkono, lakini haikuzima. Iliendelea mpaka nilipokirudisha kijiti chini. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimepasuka kwa upande wa ndani, na bawa jeupe lilikuwa limetapakaa matone ya damu.

Tukiwa kwenye bajaji, yeye ndiye aliyeniambia, "Mjomba, tuseme ni bati la kibandani, mama asije akatukataza." Nilikubali. Tulikotibiwa tulisema ni bati. Alishonwa nyuzi saba na kuchomwa sindano ya pepopunda. Nyumbani tukasema vilevile, na wale watoto niliwaomba wasizungumze. Dada yangu alinishukuru kwa kumkimbiza mwanawe kutibiwa. Shukrani ile ndiyo inayonitafuna.

Kidonda kinakauka vizuri, ingawa ncha ya kidole cha kati bado haikunji, naamini kwa sababu ya uvimbe. Kijana ananiuliza tutarusha lini tena. Betri ya ndege ilivimba kidogo ilipoanguka mwezi uliopita, lakini inashika chaji, na yeye huichaji usiku nyumbani kwao, chini ya kitanda. Siku hiyo ya kuanguka upepo wa kusi uliibeba ndege ikapita juu ya vichwa vya kina mama waliokuwa wakianika dagaa, ikaangukia hatua chache kutoka kwao. Nilijiambia ajali haina kinga, na nimejiambia hivyo tena safari hii, lakini moyo haukubali.

Je, nimweleze dada yangu ukweli na kuhatarisha udugu wetu? Niziache ndege kabisa, nimpoteze kijana arudi kijiweni? Au nirekebishe mambo kimyakimya na tuendelee?

Mjomba, Tanga

Jibu la mshauri

Marahaba, mwanangu, na poleni sana, wewe na kijana.

Nianze na sentensi uliyoiandika kwa kupita, ambayo ilinifanya nikutumie ujumbe siku ileile barua yako iliponifikia, bila kungoja zamu ya safu hii. Umesema ncha ya kidole cha kati haikunji. Inawezekana ni uvimbe, kama unavyoamini. Lakini kano zinazokunja vidole hupita upande wa ndani, karibu sana na ngozi, palepale alipopasuka, na kano inaweza kuwa imekatika huku ngozi ya juu ikifunga vizuri kabisa. Kishikilie kidole hicho katikati kikiwa kimenyooka, kisha mwambie akunje ncha peke yake. Isipokunja hata kidogo, asingoje uvimbe uishe. Na hata ikikunja kidogo, bado ni daktari, si mimi wala wewe, anayeweza kusema kano ni nzima. Kano iliyokatika haijiungi yenyewe. Hushonwa na daktari wa upasuaji, na ni bora ishonwe ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa sababu baadaye hujivuta kuelekea kiganjani na kazi huwa ngumu zaidi.

Aliyemshona aliambiwa ni bati, na bati hukata mara moja. Panga la ncha mbili, hata likizunguka mara 5,000 tu kwa dakika, hupita mahali pamoja zaidi ya mara 160 kwa sekunde. Linaweza kukata kano, kupasua mfupa na kuacha kipande cha plastiki ndani ya nyama. Tabibu anayejua hivyo ana sababu ya kuagiza eksirei na kumkunjisha kila kidole peke yake. Kwa hiyo, kabla hata hatujamfikia dada yako, yupo mtu anayehitaji kuusikia ukweli huu bila kupunguzwa, naye ni daktari atakayekitazama kidole hicho. Nalijua vilevile ambalo huenda umeshalifikiria: ikihitajika operesheni, mtoto wa miaka 15 haingii chumba cha upasuaji bila mzazi kujua.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Kama nimekuelewa, ulimpa mpwa wako kitu kilichomtoa kijiweni, kitu hichohicho kikamjeruhi kwa kuguswa na mkono wa shati lako, na uliyemficha ni yule aliyekulea. Unaona kwamba ukifumbua mdomo utampoteza mpwa, utazipoteza ndege, na utampoteza dada, vyote kwa siku moja. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Ninaomba tu tuyatazame kwa karibu baadhi ya mambo uliyoyaandika kana kwamba yamekwisha kuthibitika.

Umejiambia kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wetu, na nimeutumia mara nyingi kuwafariji watu. Lakini kwa kuwa mimi si fundi, nilikaa na mtu anayezifahamu ndege hizi, nikamsimulia kisa chako bila kukutaja, naye akanionyesha kinga moja baada ya nyingine. Rimoti nyingi zinaweza kupangwa swichi moja ya kukata mota, ambayo ikiwa imefungwa kijiti kinaweza kusukumwa mpaka mwisho na panga lisitikisike. Mkia wa ndege unaweza kufungwa kwa kamba kwenye kigingi kilichopigiliwa mchangani kabla betri haijachomekwa. Anayechomeka betri hukaa nyuma ya panga, kamwe si mbele yake. Na hakuna anayesimama ubavuni, usawa wa panga, kwa sababu likivunjika vipande vyake huruka kwa upande. Panga lililopata ufa au pengo, hata dogo kama punje ya mchele, hutupwa, haligundishwi. Mnapojaribu mota kibandani, panga huwa limefunguliwa na kuwekwa mezani. Rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho, na mikono ya anayeishika haina kazi nyingine. Simu hubaki kwenye mkoba.

Akanieleza pia kwa nini mota haikuzima. Injini ya mafuta ikikwama huweza kuzimika, lakini mota ya umeme ikizuiwa huvuta umeme mwingi zaidi na kuendelea kusukuma, kwa hiyo mkono ulioingia hapo hupigwa tena na tena hadi mtu aukate umeme. Siyasemi haya ili nikuongezee majuto, mwanangu. Nayasema kwa sababu mtu aliyeridhika kwamba ajali haina kinga hana sababu ya kubadilisha chochote Jumamosi ijayo, na barua yako inanionyesha kwamba wewe hujaridhika.

Halafu kuna huo uzito. Povu ni jepesi, mtu akilishika mkononi haogopi. Lakini kilo 1 na nusu ikienda kilomita 72 kwa saa, mwendo ambao ndege ya kiasi hicho huweza kuufikia bila shida, hugonga kwa nguvu ileile ya kitu cha uzito huo kilichoachiwa kutoka juu ya mnazi wa mita 20. Wewe ni mtu wa Tanga. Hakuna anayehitaji kukueleza kwa nini watu hawatandiki mkeka chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Panga nalo, likiwa na upana wa sentimita 25 na kuzunguka mara 9,000 kwa dakika, ncha zake huenda zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Mwaka 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyeupenda na kuujua sana mchezo huu aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti, iliyompiga kichwani. Visa vya namna hiyo ni vichache, na sitaki ukose usingizi kwa ajili yake. Ninachotaka uone ni kwamba kina mama wa dagaa hawakuwa watazamaji wa mchezo wenu. Walikuwa kazini, wameinama, migongo yao ikielekea angani.

Umeutaja upepo wa kusi kana kwamba ulikuja kwa bahati mbaya. Huja kila mwaka, nawe unajua miezi yake, na katika pwani yetu hutoka baharini kuelekea nchi kavu, maana yake ndege yoyote iliyopoteza nguvu juu ya ufukwe wenu itasukumwa kuelekea waliko watu. Je, hakuna uwanda mwingine, pengine nje ya mji kwenye mashamba ya mkonge, kwa idhini ya wenyewe, ambako upepo ukiichukua ndege hauikuti nyumba wala kichwa cha mtu? Mkibaki ufukweni, mnaweza kurusha mapema upepo ukiwa bado umelala, na siku ukizidi kuifunga ndege na kurudi nyumbani hata kama watoto wamesikitika. Warushaji wa nchi nyingine huchora mstari: watazamaji wote nyuma yake, ndege mbele yake, na haivuki hata kwa kugeuza tu. Huhakikisha pia kwamba mawimbi ya rimoti yakipotea mota inajizima yenyewe, na hilo hujaribiwa panga likiwa limefunguliwa, kwa kuizima rimoti na kutazama.

Kuna swali ambalo barua yako hailigusi. Uwanja wa ndege wa Tanga uko ndani ya jiji, na vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Umewahi kuwauliza mnaruhusiwa kurusha wapi, na kwa kibali gani? Nauliza hivi kwa kukujali, kwa sababu siku ndege yako itakapomuumiza mtu asiye wa familia yenu, mazungumzo hayatakuwa ya dada na kaka tena, na swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa hilo.

Lakini lililonikosesha usingizi zaidi ni betri. Betri ya namna hiyo ni ya lithiamu, yenye chemba ndani zinazotunza umeme. Ikivimba, ina maana kumetokea gesi ndani, na uharibifu uliosababisha gesi hiyo hautengenezeki hata kama chaji inashika. Ikiungua, huungua kwa ghafla na kwa moto mkali, na yenu inachajiwa usiku, chini ya kitanda, ndani ya nyumba ambamo mama mtu amelala bila kujua kwamba ipo. Hili nalo nilikuandikia siku ileile: isichajiwe tena, isitobolewe, itolewe nje na kuwekwa ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na chochote kinachoshika moto. Nyingine zichajiwe mchana kwako, juu ya sakafu ya saruji, kwa chaja inayosawazisha chemba, na mtu mzima awe macho muda wote.

Unaona sasa kwa nini ninasita kuliita jambo hili siri kati yako na mpwa wako. Dada yako yumo tayari, kupitia mkono wa mwanawe na kupitia paa la nyumba yake, isipokuwa hajui kwamba yumo.

Umefikiria kuziacha ndege kabisa. Inawezekana ndilo litakalokupa amani, na hakuna wa kukulaumu. Jiulize tu kijana atafanya nini na rimoti, mota na ujuzi alio nao. Asije akawa anarusha peke yake na wenzake, kwa siri, bila mtu mzima aliyejifunza kwa uchungu kama ulivyojifunza wewe. Kurekebisha kimyakimya na kuendelea kuna mvuto wake, maana usalama utaongezeka kweli. Lakini kidole cha kijana kiko mbele ya macho ya mama yake kila siku, na umeiweka siri yako mikononi mwa watoto kumi wanaokwenda madrasa moja, duka moja na kisima kimoja. Huenda swali si kama dada atajua, bali atajua kutoka kwa nani. Na wale watoto, mwanangu, uliwafundisha jambo Jumamosi ile ulipowaomba wanyamaze.

Kusema nako kuna gharama, na sitakudanganya. Anaweza kukasirika sana, akamzuia mwanawe kuja kwako kwa miezi, akakukumbusha vile vitumbua. Ana haki ya hasira hiyo, nawe utalazimika kuikaa bila kujitetea. Ila nimekisoma tena alichokuambia alipomleta mwanawe, "mshike", nikajiuliza kama mwanamke aliyekuamini kiasi hicho ataumizwa zaidi na panga lililoteleza au na bati la uongo. Jibu unalijua wewe, kwa sababu wewe ndiye unayemjua. Kama utaamua kumwambia, huenda ikasaidia uende mwenyewe kwanza, bila kijana, useme "kijiti nilikigusa mimi" kabla ya sentensi nyingine yoyote, na umweleze habari ya kidole na ya betri kabla hujaomba ndege zirudi. Pengine hilo la ndege usiliombe siku hiyo. Kama utaona wakati bado, basi angalau fikiria ni kitu gani unachokingoja, na kama kidole nacho kinaweza kukingoja.

Kuna mmoja ambaye sote wawili tumemsemea sana bila kumsikiliza. Kijana alitoa uongo ule kwa mapenzi, akiwa na damu mkononi, ili kukuokoa wewe na kuziokoa ndege. Sasa anaulinda. Nina wasiwasi kwamba kidole kikimuuma hatasema, kwa kuhofia kwamba maumivu yake ndiyo yatakayowavunja. Kaa naye faragha, si mbele ya wale wenzake, umwambie kwamba mkono wake una thamani kuliko ndege zote mtakazounda, na umuulize yeye anatamani mama yake ajue nini. Anaweza kukushangaza.

Majibu ya daktari yakitoka niandikie, yawe yoyote. Nakisubiri kidole hicho kama wa nyumbani kwangu.